Namba za ECHO Zimebadilika, Presha ya Mapafu Imeandikwa Juu: Jinsi ya Kuyasoma Majibu

Majibu ya ECHO (ultrasaundi ya moyo) ya mwaka jana yanasema 37. Ya mwaka huu yanasema 46. Mtu aliyekaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari akiwa na karatasi hizo mbili anaona jambo moja tu: presha ya mapafu imepanda kwa 9. Usiku huo halali. Lakini hakuna aliyeingiza kipimo ndani ya mshipa wa mapafu akasoma 37 wala 46. Mashine ilipima kasi ya damu, mtu akakisia kitu kingine, kisha namba ikapatikana kwa hesabu. Hesabu hiyo unaweza kuirudia mwenyewe kwa kalamu, na ukishairudia utajua ni sehemu gani ya ongezeko imepimwa na ipi imekisiwa.

Tuanze na dharura, kwa sababu haisubiri hesabu. Ukizimia au ukakaribia kuzimia unapopanda ngazi, ukikosa pumzi hata ukiwa umekaa, ukipata maumivu ya kifua, ukikohoa damu, au midomo ikigeuka rangi ya bluu au kijivu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ECHO ya wiki iliyopita ilisema kila kitu ni sawa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma huku pumzi ikikata ghafla, hilo linaweza kuwa bonge la damu limehamia mapafuni. Usilale nalo hadi asubuhi.

1. Zipange karatasi mbili, mstari kwa mstari

Omba ripoti nzima, yenye vipimo vyote. Ukurasa wa hitimisho hautoshi, kwa sababu unatoa maneno matupu kama "mild" au "moderate", yaani kidogo au wastani, na kila kituo kina mipaka yake. Vituo vingi huita presha ya mapafu kidogo ikiwa chini ya 50, wastani kati ya 50 na 70, na kali juu ya hapo, lakini usishangae kukuta vingine.

Chukua daftari, chora safu mbili, uandike tarehe, kisha haya: presha ya mkono siku ya kipimo, mapigo ya moyo kwa dakika, uzito, EF, ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto (LA), TR Vmax, RVSP au PASP (ndiyo namba ya presha ya mapafu), IVC, na TAPSE. Vifupisho vingine vitaelezwa hapa chini. Pale ambapo karatasi moja haina namba, acha wazi. Pengo nalo ni taarifa.

Mtego wa kwanza uko hapa. Hospitali moja huandika RVSP, nyingine PASP, nyingine "TR gradient" au TRPG. Mbili za kwanza kwa kawaida ni kitu kimoja. Ya tatu haijajumlishwa presha ya chumba cha juu cha kulia, hivyo itakuwa ndogo kwa 3 hadi 15. Anayelinganisha TRPG ya mwaka jana na RVSP ya mwaka huu atauona ugonjwa ukikua kwenye karatasi huku moyo uko vilevile.

2. Rudia hesabu

Valvu ya trikaspidi inatenganisha chumba cha juu na cha chini upande wa kulia wa moyo. Kwa watu wengi, hata wazima kabisa, huvuja kidogo kila moyo unapobana. Kwa hiyo ukisoma "trace TR" au "trivial TR", usiende kusimulia nyumbani kwamba valvu imeharibika. Mvujo huo mdogo ndio unaompa mpimaji kitu cha kupima.

Mashine hupima kasi ya mchirizi unaorudi nyuma, kwa mita kwa sekunde. Hiyo ndiyo TR Vmax. Kasi inazidishwa kwa yenyewe, jibu linazidishwa mara 4. Kisha inajumlishwa presha ya chumba cha juu cha kulia, ambayo haipimwi kwenye ECHO. Inakisiwa kwa kuutazama mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka tumboni na miguuni, ule unaoandikwa IVC. Ukiwa na upana usiozidi sentimita 2.1 na ukinywea zaidi ya nusu mgonjwa anapovuta pumzi puani kwa nguvu, inaandikwa 3. Ukiwa mpana na haunywei, inaandikwa 15. Ukiwa kati na kati, 8.

Sasa karatasi zetu mbili:

Mwaka jana kasi ilikuwa 2.9. Ukizidisha 2.9 kwa 2.9 unapata 8.41, mara 4 ni 33.6, ongeza 3, unapata 36.6, ikaandikwa 37.

Mwaka huu kasi ni 3.1. Ukizidisha 3.1 kwa 3.1 unapata 9.61, mara 4 ni 38.4, ongeza 8, unapata 46.4, ikaandikwa 46.

Ongezeko hilo (9.8 kabla ya kuondoa desimali) limegawanyika karibu nusu kwa nusu. Takriban 5 zimetokana na kasi iliyopanda kwa 0.2, tofauti ambayo wapimaji wawili wanaweza kuipata kwa mgonjwa mmoja asubuhi moja. Nyingine 5 zimetokana na mtu kuutazama mshipa na kuamua kuandika 8 badala ya 3. Pengine siku hiyo mgonjwa hakumeza kidonge chake cha kutoa maji kwa sababu safari ya basi ilikuwa ndefu na choo hakuna. Mshipa ukajaa, namba ikapanda.

Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya ya mwaka 2022 inaanza na kasi yenyewe na kuiacha RVSP pembeni. Kasi isiyozidi 2.8 ni uwezekano mdogo wa presha ya mapafu. Kati ya 2.9 na 3.4 ni uwezekano wa kati. Juu ya 3.4 ni uwezekano mkubwa. Mgonjwa wetu wa 37 na 46 yuko kundi lilelile la kati miaka yote miwili.

Mambo yanayoiharibu kasi yenyewe ni haya. Mwale wa mashine usipolingana na mwelekeo wa mchirizi, kasi inasomeka ndogo kuliko ilivyo. Mpimaji akifuata ukungu wa pembeni mwa picha badala ya ukingo ulio wazi, inasomeka kubwa. Valvu ikivuja vibaya sana mpaka vyumba viwili vinakaribia kuwa kimoja, kasi inashuka na hesabu inadanganya kwa kuonyesha nafuu isiyokuwepo. Valvu ya kuelekea mapafuni ikiwa imebana, namba inaeleza ugumu wa valvu hiyo na haielezi mapafu. Na ikiandikwa kwamba mvujo haukutosha kupimika, maana yake haijulikani. Usiisome kama "kawaida".

Kipimo cha ECHO kinaweza kupishana na kipimo cha mrija, ule unaoingizwa upande wa kulia wa moyo kupitia mshipa, kwa 10 au zaidi, juu au chini. Umri na unene pia huisogeza namba: mtu mzima wa miaka 65 mwenye uzito mkubwa anaweza kukaribia 40 bila ugonjwa wa mishipa ya mapafu.

3. Utazame upande wa kulia

Presha ikiwa juu kweli kwa muda, chumba cha chini cha kulia huacha alama, kwa sababu kimeumbwa kusukuma damu kwa presha ndogo. Tafuta maneno na namba hizi kwenye ripoti:

- Chumba cha chini cha kulia kimekuwa kikubwa kuliko cha kushoto.
- Ukuta wa katikati ya vyumba umelala bapa, kiasi kwamba chumba cha kushoto, ambacho hukatwa picha kikiwa duara, kinaonekana kama herufi D.
- Chumba cha juu cha kulia kina eneo linalozidi sentimita za mraba 18.
- Mshipa mkuu wa mapafu una upana unaozidi milimita 25.
- Muda wa damu kuongeza kasi ikitoka kuelekea mapafuni uko chini ya milisekunde 105.
- IVC inazidi milimita 21 na hainywei vizuri.

Kasi ya kati pamoja na alama hizi kutoka angalau sehemu mbili tofauti inampandisha mgonjwa hadi uwezekano mkubwa. Kasi hiyohiyo bila alama yoyote inampa daktari nafasi ya kusubiri na kurudia.

TAPSE inataka neno la peke yake. Ni umbali ambao pete ya valvu ya trikaspidi inashuka moyo unapobana, kwa milimita. Chini ya 17 inaonyesha upande wa kulia umechoka. Kati ya mgonjwa mwenye RVSP ya 60 na TAPSE ya 21, na mwenye RVSP ya 48 na TAPSE ya 12, mimi ningemwangalia wa pili kwanza. Chumba kilichochoka hakiwezi tena kutengeneza presha kubwa, hivyo RVSP inaweza kushuka huku mgonjwa anazidi kuumwa. Familia hushangilia namba hiyo. Uliza TAPSE kabla ya kushangilia.

4. Hamia kushoto, maana sababu mara nyingi iko huko

Damu inatoka mapafuni na kuingia upande wa kushoto wa moyo. Upande huo ukishindwa kupokea, damu inasongamana nyuma na presha ya mapafu inapanda, kama foleni ya Morogoro Road gari moja linapokwama mbele. Hii ndiyo sababu inayoongoza ya presha ya mapafu kwa watu wazima, na tiba yake ni kutibu moyo wa kushoto.

Anza na EF, asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo. Kuanzia 50 kwenda juu moyo unasukuma vizuri au karibu na vizuri, 41 hadi 49 umepungua kidogo, 40 kushuka chini umepungua. Kutoka 60 hadi 55 kati ya vipimo viwili kwa kawaida si mabadiliko, kwa kuwa wapimaji hupishana kiasi hicho, hasa EF inapokisiwa kwa macho. Kushuka kwa 10 au zaidi hadi chini ya 50 ni jambo la kufuatilia, na kwa anayetumia dawa za saratani huo ndio mpaka ambao madaktari huutumia kushuku kwamba dawa inaugusa moyo. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio anatakiwa apimwe mapigo kadhaa na kuchukuliwa wastani. Pigo moja likitumika, namba haifai kulinganishwa.

EF nzuri haimalizi shauri. Mtu aliyeishi na presha ya mkono ya 170 kwa miaka anaweza kuwa na EF ya 62 na moyo mgumu usiolegea. Tafuta ukuta mnene, chumba cha juu cha kushoto kilichotanuka (kiasi kinachozidi mililita 34 kwa mita ya mraba ya mwili), na E/e' (namba inayokisia presha ya moyo wa kushoto unapojaa) inayozidi 14. Ukiviona vitatu hivyo pamoja na presha ya mapafu ya 45, mtuhumiwa wa kwanza ni presha ya mkono ambayo haijadhibitiwa.

Kwa vijana na akina mama wa ukanda wetu, valvu ya mitrali iliyobana kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni bado ni sababu kubwa. Tundu la kawaida ni sentimita za mraba 4 hadi 6, likifika 1.5 au chini, ni kali. Hapo vidonge vya kutoa maji huleta nafuu tu. Valvu yenyewe inataka kutanuliwa kwa puto au kubadilishwa. Mwanamke aliyejifungua miezi ya karibuni, mwenye EF iliyoshuka na pumzi fupi, achunguzwe kwa ugonjwa wa misuli ya moyo wa uzazi, na asiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha.

5. Moyo wa kushoto ukiwa mzima

Hapa ndipo uchunguzi unapaswa kupanuka, na ndipo mara nyingi unapokatishwa.

Mapafu. Aliyepona kifua kikuu akabaki na makovu, aliyevuta sigara, na aliyepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha kwa miaka 20. Vipimo: picha ya kifua, kupuliza mashine ya kupima pumzi, na oksijeni ya damu. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini naye yumo.

Mabonge ya damu ya zamani. Mtu alitibiwa bonge la mapafu, akameza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi 3, na bado hawezi kupanda ngazi. Huyu anahitaji kipimo cha mishipa ya mapafu, kwa CT au skani ya nyuklia inayolinganisha hewa na damu. Skani ya kulinganisha ndiyo bora kuliko CT kuyatafuta mabonge ya zamani, ila haipatikani kila mahali. Inafaa kuifukuzia, kwa sababu aina hii inaweza kuponywa kwa upasuaji.

Kichocho cha tumbo. Kwa waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria na maziwa mengine, mayai ya minyoo huleta makovu kwenye ini, kisha njia mpya za damu huyafikisha mapafuni. Dalili inayomtofautisha ni bandama kubwa. Ultrasaundi ya tumbo huonyesha. Dawa ya prazikuanteli huua minyoo lakini haifuti makovu yaliyokwisha kujengeka.

VVU. Virusi vyenyewe vinaweza kuathiri mishipa ya mapafu, kwa hiyo kipimo chake ni sehemu ya uchunguzi wa kila mgonjwa.

Selimundu. Kwa mgonjwa wa selimundu mipaka ni mingine: kasi ya 2.5 tu tayari ni onyo. Ripoti isiyotaja kwamba mgonjwa ana selimundu itaandika "kawaida" kwa 2.6. Mkumbushe daktari.

6. Je, siku yenyewe ilikuwa ya kawaida?

Upungufu wa damu, homa, ujauzito na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huongeza kasi ya damu, na namba hupanda bila mishipa ya mapafu kuugua. Nimonia na maji yaliyojaa mwilini vilevile. Kipimo kilichofanywa wodini mgonjwa akiwa amevimba ni kipimo cha siku mbaya. Tibu kilichopo, kisha rudia mwili ukitulia.

7. Kipimo cha mrija, na namba 20 inayochanganya watu

Utasoma mtandaoni kwamba presha ya mapafu inaanza juu ya 20. Ni kweli, lakini hiyo ni presha ya wastani inayopimwa kwa mrija ulioingizwa upande wa kulia wa moyo. RVSP ya ECHO ni presha ya juu, ile ya moyo unapobana. Kulinganisha 38 ya ECHO na 20 ya mrija ni kulinganisha urefu wa mlingoti na kina cha chombo. Tena mpaka wa zamani wa mrija ulikuwa 25. Ulishushwa kwenye mkutano wa Nice, Ufaransa, mwaka 2018. Aliyeambiwa hana mwaka 2015 na akaambiwa anayo leo huenda hajabadilika yeye.

Mrija hupitishwa kwenye mshipa wa shingo, mkono au paja, mgonjwa akiwa macho na ngozi ikiwa imetiwa ganzi. Unajibu swali ambalo ECHO haiwezi kulifunga: tatizo liko kwenye mishipa ya mapafu au nyuma yake upande wa kushoto? Presha inayopimwa mrija ukiwa umejibana kwenye tawi dogo la mshipa ikizidi 15, lawama inaelekea kushoto. Si kila mtu anauhitaji. Kama valvu ya mitrali imebana wazi, tibu valvu. Lakini kabla ya kuanzishiwa dawa maalumu za mishipa ya mapafu, mrija ni wa lazima kwa walio wengi.

Hili linatuleta kwenye sildenafil. Ndiyo, ni ileile ambayo wanaume huinunua dukani kwa sauti ya chini. Kwa ugonjwa wa mishipa yenyewe ya mapafu hutolewa miligramu 20 mara tatu kwa siku. Kwa presha inayotokana na moyo wa kushoto haipendekezwi, na inaweza kuzidisha maji mapafuni. Ikichanganywa na dawa za naitreti, zile zinazowekwa chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, presha inaweza kuanguka hadi mtu akapoteza maisha. Usiazimwe kidonge na jirani.

8. Kati ya kipimo na kipimo

Pima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai, kwa mizani ileile. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, mpigie daktari. Chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, ukihesabu na ile iliyojificha kwenye vidonge vya kuungia mchuzi na samaki wa ng'onda.

Oksimita ya kidoleni inasaidia ukiitumia vizuri: vidole viwe na joto, kucha hazina rangi, hina wala piko. Kwa ngozi nyeusi inaweza kusoma juu kidogo kuliko hali halisi, kwa hiyo 91 usiione kubwa. Chini ya 90 umetulia, tafuta huduma.

Mwanamke mwenye presha ya mapafu iliyothibitishwa azungumze na daktari kuhusu uzazi wa mpango kabla ya ujauzito, maana mimba ni hatari kubwa kwake. Vidonge vyenye estrojeni navyo vijadiliwe kwanza.

9. ECHO ijayo

Rudi kituo kilekile, ikiwezekana kwa mpimaji yuleyule. Meza dawa zako kama kawaida, na kile cha kutoa maji usikiruke. Tafuta usafiri unaokuwezesha kufika chooni. Fika mapema ukae nusu saa, usipande kitandani ukiwa bado unahema. Beba ripoti za zamani umpe mpimaji kabla hajaanza. Mwombe kwa adabu, "Daktari, naomba uniandikie TR Vmax, kipimo cha IVC, TAPSE na presha ya leo." Akisema mvujo hauonekani vizuri, muulize kama anaweza kutafuta kutoka pembe nyingine, na kama bado hauonekani, aandike hivyo hivyo kwenye ripoti.

Muda wa kurudia hupangwa na sababu: baada ya kuanza au kubadili dawa, mara nyingi ni miezi 3 hadi 6, mwenye valvu iliyobana hupangiwa kulingana na tundu lake. Ukishapata karatasi mpya, jaza safu ya tatu kwenye daftari, ukianza na kasi.